Mkono wa Ndani ya Kioo

Wageni walikuwa wamekwisha kunawa, sinia la wali na nyama ya mbuzi limewekwa katikati ya mkeka, na mzee wa upande wa bwana harusi ametoka tu kusema bismillahi, ndipo Issaka alipopiga ukelele. Haukuwa ukelele wa mtu aliyeshtuka. Ulikuwa kama wa mnyama aliyebanwa na mtego, nao ulimtoka bila hiari yake. Alijikunja, akakikumbatia kipande cha mkono wake wa kuume, ule uliokatwa chini kidogo ya kiwiko, na goti lake likalipiga sinia. Wali ukaimwagikia kanzu nyeupe ya baba yake Aruna.

Watu waliona haya kumtazama mwenyeji wao, wakaitazama nyama iliyolala mkekani. Walikuwa wameuvuka mji mzima wa Beni kuja kupanga siku ya ndoa ya Aisha, binti wa kwanza wa Issaka, na Aruna, kijana anayeuza vipuri vya pikipiki. Mambo yalikuwa yamekwenda vizuri. Sasa baba yake Aruna alikuwa akijipangusa wali kifuani, punje kwa punje.

"Hapana neno," alisema. "Kanzu inafuliwaka."

Lakini macho yake yalikwenda kwa mwenzake, na Issaka, huku jasho likimtiririka shingoni, aliyaona yakiuliza: huyu mtu ni mgonjwa wa mwili, ama kuna kitu kinamkalia?

Wageni walipoondoka, kaka yake Issaka alibaki. Jamali ndiye mkubwa wa ukoo, mwenye duka la magodoro, mtu anayesikilizwa msikitini na sokoni. Alivuta kiti karibu akasema kwa sauti ya chini, na upole ule ulimuumiza Issaka kuliko ukali.

"Mudogo yangu, miye sikukuchekeleye. Lakini siku ya ndoa batu batakuya toka Butembo, toka Kasindi. Walii, mwenye kuozesha, anapashwa kushika mukono ya bwana arusi. Mukono ya kuume. Weye hauna nayo tena. Na kama ile kitu inakukamata katikati ya maneno, tutafanya nini? Miye njo nitakaa pa nafasi yako."

"Aisha ni mutoto yangu, yaya," alisema Issaka, kwa jina la heshima analoitwa kaka mkubwa.

"Ni mutoto ya ukoo."

"Mukono iko," alisema Issaka. Neno lilimponyoka. "Iko. Minaisikia."

Jamali alishusha macho. "Njo maana," alisema. "Njo maana ninasema nitakaa miye."

*

Hilo la kuusikia mkono, Issaka alikuwa ameacha kulisema mbele ya watu. Siku ya ajali lori aliloliendesha, Fuso lenye usukani upande wa kuume kama magari mengi yanayoingia kutoka Uganda, lilikuwa limelala ubavu kwenye mteremko wa Musienene, limejaa magunia ya viazi, mvua ikinyesha. Yeye alikuwa ameukamata mlango kwa nguvu zake zote, na ule mlango ndio ulioangukia chini. Waganga wa hospitali waliukata mkono, kidonda kikafunga vizuri, kovu likawa safi. Lakini mkono wenyewe haukukubali kuondoka. Ulibaki pale mbele ya kipande, hauonekani, umefunga ngumi kama siku ile, na kucha zake zilikuwa zikimzama kiganjani. Kuna saa zilipokuwa zikizama kidogo, na kuna saa zilipozama mpaka akalia.

Alikuwa amemeza vidonge vikamlaza bila kumponya. Alikuwa amesomewa Kurani. Mtu mmoja alimshauri akatwe tena, juu zaidi, na kwa kweli Issaka alikuwa amelifikiria jambo hilo. Tangu ajali hakuvaa shati la mikono mirefu, maana kitambaa kikiligusa kovu ni kama moto. Wala hakula tena na watu; siku ile ya wageni alijilazimisha tu. Alikula peke yake nyuma ya pazia, kwa kijiko, mkono wa kushoto, mtu aliyekuwa akiwakaribisha wapita njia kwenye sinia lake.

Jioni ile Zawadi, mkewe, alianua nguo, akaja akaketi kando yake. Zawadi ni muuza vitenge, na wauza vitenge husikia mengi.

"Baba Aisha, kuko mama mumoja wa Butembo ananunuaka kwangu. Mutoto wake alikatwa muguu, analiaka kama weye. Sasa hapana lia tena. Kuko kiné kule Vulamba, mama mumoja wa kunyoosha viungo, anabatunzaka."

"Anabapa dawa gani?"

Zawadi alisita. "Kioo."

"Kioo?"

"Wanakaa mbele ya kioo."

Issaka alicheka kicheko kikavu. Nani Beni asiyekijua kioo? Ukiibiwa pikipiki, yuko mtu atakayekuambia uchungulie kiooni umwone mwizi. Ukifiwa, yuko atakayekuonyesha humo humo uso wa jirani yako. "Miye ni Muislamu," alisema. "Niache na maumivu yangu, hapana nitia na dhambi."

Zawadi hakubishana. Alikunja vitenge vyake kimya, kimoja baada ya kingine, halafu akasema bila kumtazama: "Leo Aisha alilia ku jikoni. Hapana juu ya wali. Alisema, papa yangu ataniozesha na mudomo ya mutu mwingine."

Asubuhi Issaka alimwomba mkewe amtafutie shati safi la mikono mifupi.

*

Teksi ya kwenda Butembo iliendeshwa na kijana aliyewahi kuwa msaidizi wake wa lori, naye alimpa kiti cha mbele kwa heshima. Zamani kijana huyo angemuuliza: chef, hapa nipite kushoto ao kuume? Siku hiyo hakuuliza kitu. Alizungumza na abiria wa nyuma. Kila alipokata kona, Issaka aliona mkono wa kuume ukizungusha usukani, na ngumi yake isiyoonekana ikajibana zaidi. Alifika Butembo midomo imemkauka.

Kituo cha yule mama, katika mtaa wa Vulamba, kilikuwa na chumba kimoja kirefu chenye harufu ya pomada ya misuli, magongo yameegemezwa ukutani. Kiné, yaani yule mtaalamu wa kunyoosha viungo, aliitwa Rébecca Kyakimwa, mwanamke wa makamo, mnene, rozari shingoni. Alimkalisha Issaka mezani, akamtazama usoni, si kwenye kovu.

"Karibu, papa. Mukono yako iko wapi sasa hivi?"

Issaka alidhani amesikia vibaya. "Ilikatwa, mama."

"Ile minaona. Miye nauliza ile unasikiaka. Iko wapi? Iko inafanya nini?"

Watu wote, tangu hospitali hata nyumbani, walikuwa wamemweleza kwamba mkono haupo. Wengine kwa upole, wengine kwa kicheko. Huyu wa kwanza alikuwa akiuliza habari zake kama mtu anavyoulizia hali ya mgonjwa.

"Iko hapa," alisema, akionyesha hewani kwa mkono wa kushoto, karibu sana na kovu. "Imekuwa mufupi, kama ya mutoto. Imefunga ngumi. Makucha inaingia ndani ya nyama. Minaiambia fungua, haisikie."

"Gumba iko ndani ao inje?"

"Ndani. Vidole vingine viko juu yake."

Rébecca alitikisa kichwa kama fundi anayesikilizishwa mlio wa injini. "Haukurukwa na akili, papa. Siku ya ajali kichwa yako ilituma neno ku mukono: shika. Kisha mukono ikaenda. Kichwa haikupata jibu. Njo maana inaendelea kutuma ile neno moja tu, shika, shika. Hakuna wa kuijibu. Leo tutaijibia."

"Na nini?"

"Na uongo kidogo," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Uongo ya macho. Hapana uganga. Kioo ni kioo, kama ile unanyoleaka ndevu."

Aliweka mezani kioo kilichosimama wima juu ya kitako cha ubao. Alikipanga mbele ya kifua cha Issaka, katikati kabisa, mkono wa kushoto ukakaa upande unaong'aa na kile kipande cha kuume kikafichwa nyuma. "Saa toa," alisema. "Mukono yako ya kuume haikuvalaka saa." Issaka akavua saa. "Sasa angalia ndani. Hapana angalia ya kushoto. Angalia ile ya ndani."

Issaka alitazama. Mkono wake wa kuume ulikuwa umelala juu ya meza.

Ulikuwa mzima. Ulikuwa na mishipa yake, na vidole vyake vinene vya dereva, na kucha. Alijua ni kivuli cha mkono wa kushoto; hakuna aliyemficha. Lakini macho hayakujali anachokijua. Machozi yalimtoka bila kilio, yakadondokea mezani, na Rébecca akaacha yadondoke.

"Salimia naye," alisema kiné. "Kisha funga ngumi ya kushoto, sawasawa na ile inakuumiza. Gumba ndani."

Issaka akafunga. Ndani ya kioo ngumi ya kuume ikajifunga, na kwa mara ya kwanza aliiona ile ngumi iliyokuwa ikimtesa. Ilionekana ndogo kuliko alivyodhani.

"Sasa yote mbili pamoja. Ile ya kushoto na ile unasikiaka. Pole pole. Fungua."

Hakuna kilichotokea. Mkono wa kioo ulifunguka, wa kwake ukabaki umefunga. "Rudilia," alisema Rébecca. "Pumua. Rudilia." Alirudia. Alirudia tena, akitazama kidole gumba cha ndani ya kioo kikichomoka taratibu chini ya vingine, na mara akakisikia. Kilikuwa kimetoka. Vidole vingine vilibaki pale pale, lakini gumba lilikuwa nje, huru, na kucha moja ilikuwa imeacha kuchoma.

"Gumba ilitoka," alisema kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Mama, gumba ilitoka."

"Aksanti Mungu," alisema Rébecca. "Lakini sikiliza muzuri. Kesho inaweza kurudi ndani. Hapana kasirika naye. Mutu mwenye alifungiwa ndani ya nyumba hatoke mbio, ata ukimufungulia mulango. Kila siku, pa fasi ya kimya, kidogo kidogo. Ikiuma zaidi, acha, pumua, kisha rudilia. Kioo uko nacho?"

Issaka alifikiri. "Kiko kimoja," alisema.

*

Kioo chenyewe kilikuwa kwenye mlango wa kabati la Aisha. Kabati hilo lilinunuliwa kwa ajili ya nyumba yake mpya, nalo lilisimama sebuleni bado limevikwa plastiki. Issaka alipoeleza, kwa aibu, Aisha hakungoja amalize. Alichukua kisu cha jikoni akaanza kulegeza skrubu.

"Weye mutoto," alisema Zawadi, "utaenda kwa bwana na kabati kipofu?"

"Nitajiangalia ku kioo ya jirani, mama. Shika hapa, hapana ianguke."

Kwa hiyo kila siku, baada ya sala ya alfajiri, Issaka aliketi chumbani, kioo kimeegemezwa kwa matofali, akiamkia mkono wake. Siku nyingine vidole viwili vilikubali. Siku nyingine hata gumba lilikataa. Rébecca alikuwa amemwonya, lakini siku ya ndoa ilikuwa ikikaribia, mapazia yameanza kushonwa, na Issaka akaanza kuwa na haraka. Asubuhi moja aliulazimisha. Alifungua na kufunga kwa pupa, meno yamekazana, akiuamuru mkono kama unavyoamuru ng'ombe, na ngumi ikajibana kwa hasira hata akaona giza. Aliinua kiwiko ili akipige kile kioo.

Aisha, aliyekuwa akifagia ukumbini, aliingia akakikumbatia kioo kifuani.

"Toka," alisema baba yake. "Ni uongo tu. Huyu mama alinicheka."

"Papa," alisema Aisha, bado amekikumbatia, "zamani nikipanda na weye ndani ya Fuso, ginsi gani ulikuwa unashuka Musienene na muzigo?"

"Ile inaingiaka wapi hapa?"

"Niambie."

Issaka alihema. "Na première, gia ya kwanza. Ukishuka mbio na muzigo, breki zinakuacha."

"Basi shuka na première, papa. Batu ba ndoa batangojea."

Alikirudisha kioo mahali pake, akatoka na fagio lake. Issaka akaweka mkono wa kushoto mezani, akautazama ule wa ndani, na safari hii hakuuamuru chochote. Alivuta pumzi, akaulegeza kidogo, kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona. Akaulegeza tena. Aliteremka mlima ule siku nyingi, kwa gia ya kwanza, bila kumwambia mtu amefika wapi.

Asubuhi ngumi ilipofunguka yote, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Aliona mkono wa kioo umelala kiganja juu, na wakati huo huo akasikia kiganja chake, kile kisichokuwapo, kinapigwa na ubaridi wa dirishani. Kucha hazikuchoma popote. Mkono ulikuwa umerefuka, umefika mahali unapostahili kufika, na ulikuwa umepumzika. Akamwita Zawadi kwa sauti iliyomfanya aje mbio na mikono ya povu.

"Kuko nini?"

"Gusa hapa." Alimnyooshea kile kipande.

Zawadi hakuthubutu. Tangu ajali hakuwahi kukigusa. Kila alipojaribu, mumewe alikuwa akiruka. Issaka akakisogeza mwenyewe mpaka kovu likaingia katika kiganja cha mkewe. Walikaa hivyo, hakuna aliyeruka.

"Mukono yako ni baridi," alisema Issaka. "Umetoka kufua."

Zawadi aliinamisha uso akalia kwa furaha, povu likimdondoka magotini.

*

Maneno yalimfikia Jamali kabla ya habari njema. Jirani alikuwa amepita dirishani akamwona Issaka akizungumza na kioo na kukichekea, na kufika sokoni hadithi ilikuwa imeota mapembe. Jamali aliingia bila kuvua viatu.

"Ni kweli uko na kioo?"

"Ni kweli, yaya."

"Baba yetu alikufa hajaenda kwa muganga. Weye unataka kumuozesha mutoto na mikosi ya mashetani? Baba yake Aruna akisikia, ndoa inakufa leo."

Issaka alitaka kueleza habari za kichwa na neno lililotumwa, lakini alijua maneno yatapotea. Akasema: "Kaa hapa pa meza. Weye uko na mikono miwili. Tia ya kuume kule nyuma, angalia ya ndani. Ikiwa ni shetani, utamuona."

Jamali hakuwa mtu wa kukimbia. Aliketi, kanzu yake ya thamani ikikunjamana, akaweka mikono kama alivyoambiwa. Kwa agizo la Issaka alifungua na kufunga yote miwili pamoja, taratibu, macho kiooni. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kulaghaiwa. Kisha Issaka akamwambia auache ule wa nyuma ulale, asogeze wa mbele peke yake.

Jamali alifanya, akaganda. "Ile ya nyuma inatembea," alisema.

"Haitembee. Umeilaza mwenyewe."

"Minaisikia inatembea."

Zawadi alikuwa ameleta chai. Hakuna aliyemtuma, aliiona nafasi akaitumia. Aliinamisha kikombe chenye moshi karibu kabisa na mkono wa kushoto wa shemeji yake, kana kwamba kinataka kumwagika, na Jamali akaruka. Lakini mkono aliouvuta kwanza ni wa kuume, ule wa nyuma ya kioo, ambao hakuna chai iliyoukaribia. Aliubana kwapani. Kisha akautoa, akautazama kama wa mtu mwingine.

Issaka hakucheka. Zawadi ndiye aliyelazimika kurudi jikoni.

"Shetani eko wapi, yaya?" aliuliza Issaka. "Ni macho tu. Macho inadanganya mukono, na mukono inapona. Ginsi ilikukamata weye kidogo, njo ilinifungulia miye ngumi."

Jamali alikunywa chai yote kabla ya kusema. "Twende kwa imamu," alisema hatimaye. "Hapana juu ya kukushitaki. Nataka nisikie na masikio yangu."

Imamu aliwasikiliza wote wawili, akauliza kama kuna majina yanayoitwa mbele ya kioo hicho, au kafara, au ramli. Alipoambiwa hakuna, alisema kwamba dawa ni dawa. Kuhusu ndoa alikuwa mfupi zaidi: "Ndoa inafungwa na ulimi. Kushikana mikono ni mapambo. Baba yuko hai, ana akili, ana ulimi. Mnataka walii gani tena?"

Njiani, karibu na nyumbani, Jamali alisimama. "Sawa," alisema. "Lakini nitakaa kando yako. Ikikukamata, nitapokea maneno."

"Kaa," alisema Issaka. "Miye sikukatae."

*

Siku ya ndoa watu walijaa hata uani. Walitoka Butembo mtaa wa Kimemi, walitoka Kasindi, na Rébecca Kyakimwa alikuja na kitenge kipya, akaketi na wanawake. Issaka alivaa kanzu ya mikono mirefu. Aliketi mkekani, imamu upande mmoja, Jamali upande mwingine, na mbele yake Aruna amepiga magoti, amenyolewa vizuri, anameza mate.

Hotuba ilikuwa ndefu. Joto lilikuwa jingi. Na imamu alipofunga kitabu na kusema sasa walii aseme, Issaka aliusikia mkono ukianza. Gumba lilikuwa likirudi ndani. Vidole vilikuwa vikilifuata, kimoja kimoja, na kucha ya kwanza ikagusa nyama.

Jamali aliuona uso wa mdogo wake ukibadilika. Alisogea, akafungua mdomo. Baba yake Aruna naye alikuwa ameona, akaivuta kanzu yake nyuma kidogo, bila kujua.

Kioo hakikuwapo. Issaka aliutazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa umelala gotini, akaufunga ngumi mbele ya watu wote. Akafumba macho, na kule ndani ya giza akauona ule mwingine, sawasawa na anavyouona kila alfajiri. Hakuuamuru. Akavuta pumzi. Akaulegeza wa kushoto taratibu, gumba kwanza, na ndani ya mkono wa kanzu uliokuwa mtupu, ule wa kuume ukasita, ukasikiliza, ukafuata. Jamali alikuwa amevuta pumzi ya kusema. Issaka akamwekea mkono wa kushoto gotini, kumwambia angoje.

Halafu alifanya jambo ambalo hakulipanga. Aliukunja mkono wa kanzu, akaufunua mkono wake uliokatika, ambao hakuna mgeni aliyewahi kuugusa, akaunyoosha mbele. Watu waliinamisha macho. Aruna hakuinamisha. Kijana alinyoosha mkono wake wa kuume akakishika kile kipande, kovu na yote, akakifumbata barabara, kama mtu anavyoshikana mkono na mtu.

Na Issaka akasikia anashikwa mkono. Hakusikia kovu, alisikia kiganja, na joto la kijana mwenye woga, na vidole vyake mwenyewe vikijibu.

"Aruna," alisema, na sauti yake ikafika mpaka uani, "nimekuozesha binti yangu Aisha kwa mahari mliyopatana."

"Nimekubali kumuoa," alisema Aruna.

Vigelegele vilianzia kwa Zawadi, vikapokelewa na chumba kizima. Aisha, aliyekuwa nyuma ya pazia, alikuwa amesikia kila neno, na aliyemwozesha alikuwa baba yake. Watu walisimama kuja kumpongeza walii, na kwa kuwa bwana harusi ameonyesha namna, hakuna aliyejua namna nyingine: mmoja baada ya mwingine walikishika kile kipande, wazee, wafanyabiashara wa Kasindi, madereva wenzake wa zamani, na baba yake Aruna aliyekishika kwa mikono yake yote miwili. Issaka alimpokea kila mmoja, akaketi wima kama zamani.

Watu walipopungua, Jamali alimwinamia sikioni.

"Niambie kweli," alisema. "Inakuuma?"

Issaka alifikiri, akausikiliza mkono wake.

"Hapana, yaya. Imechoka tu. Leo imesalimia batu mingi."